Mwaka wa Mwendelezo

Juzi alasiri nilivuka barabara ya Waiyaki kwa miguu, nikapanda Loresho polepole nikipumzika kila penye kivuli, kwenda kwenye maombi ya Musyoka. Tulifanya kazi pamoja tukiwa vijana, na sasa amelala. Wanawake wa kanisa waliniomba niongoze sala ya kufungua, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na kwa kuwa nilimjua marehemu kabla hajaota mvi. Nilisali kwa ufupi. Siku hizi nachoka upesi, na nimejifunza kwamba Mungu hahitaji maelezo marefu kutoka kwangu. Baadaye tuligawiwa chai na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe ambayo Musyoka alikuwa akiyabeba kazini kwa kibuyu cha plastiki. Nyuma yangu walikaa vijana wawili waliofanya kazi naye miaka ya mwisho, nikawasikia wakimzungumzia. "Huyu mzee aliwahi andika system ya kitambo," mmoja alisema, "program inafika katikati, inalala hapo ikingoja mtu abonyeze." Mwenzake akauliza inalala aje. "Inalala tu. Si ni kama vile sisi huandika kungoja siku hizi? Yeye alikuwa anafanya hivyo kwa web, enzi za mawe." Wakacheka enzi za mawe mpaka waliponiona nimegeuka. Mmoja akasimama haraka. "Mama, keti hapa, kiti chako ni cha plastiki." Nikamwambia nimeshakaa, mwanangu, endelea na chai yako. Sikuwa na nguvu ya kuwasimulia. Nimesimulia hapa badala yake.

Mwaka Musyoka alipoiandika system hiyo, nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia nikiwa na cheti ambacho hakuna aliyejua kitumike wapi, nikasoma kompyuta kwa miezi kadhaa, nikapata kazi ya kujaribu programu katika ofisi ndogo ya mjini, juu ya duka la vitambaa mtaa wa Biashara. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza. Nilibonyeza kila kitu kwa kila namna, nikaandika palipovunjika. Chini yetu wauza vitambaa walipasua khanga na shuka kutwa nzima, sauti ile ya nguo inayochanika kwa mstari ulionyooka, na mpaka leo nikiisikia nakumbuka harufu ya chumba kile, vumbi la kompyuta, jasho, na muthokoi wa Musyoka ukifunguliwa adhuhuri. Yeye alikuwa mwandishi mkuu wa programu, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama mtu anayepita mlango mfupi daima. Kabla ya kula alivua miwani na kusali kwa sauti ya chini, na Bwana Githinji, mwenye ofisi, alizoea kusimama mlangoni akiwa na faili mkononi mpaka tuseme amina, ndipo aanze kugomba.

Baraza la vyuo kadhaa vya wauguzi, vyuo vya makanisa, lilikuwa limetupa kazi ya kutengeneza njia ya kuomba nafasi za masomo kwa mtandao. Mwombaji alipaswa kupita kurasa nyingi: jina, shule, alama za mtihani, wadhamini, chuo anachotaka, mwisho akapata karatasi ya kuchapisha yenye nambari yake. Githinji alitaka iandikwe kwa njia ya kawaida. Katika njia ya kawaida, kompyuta kuu iliyo ofisini haikumbuki chochote kati ya ukurasa na ukurasa. Kila ukibonyeza, ni kama umebisha hodi kwa mtu asiyekujua, nawe unajieleza upya umetoka wapi na umefika wapi. Programu inakatwakatwa vipande, na ukitaka kuisoma unaruka huku na huku kama mtu anayetafuta mstari katika gazeti lililochanika. Musyoka alitaka njia nyingine, iliyokuwa mpya, ambayo kwa Kiswahili aliiita mwendelezo. Programu inaandikwa kama mazungumzo, kutoka juu hadi chini. Muulize jina, ngoja. Muulize shule, ngoja. Kila penye kungoja, mashine inagandisha programu yote mahali pale, inapawekea alama, na alama hiyo inakwenda na ukurasa. Mtu akijibu, hata baada ya saa nzima, programu inaamka palepale ilipolalia. Na mtu akibonyeza mshale wa kurudi nyuma, anaamsha mahali pa nyuma, kila kitu kikiwa sawa.

"Githinji haelewi," Musyoka aliniambia siku moja akikoroga chai. "Dada Rael, wewe umesoma mambo ya Mungu. Ukiongea na mtu, akatoka kidogo kwenda msalani, ukimwona tena unaanza upya na jina lako?"

"Hapana. Naendelea."

"Basi. Hiyo ndiyo naandika. Adabu tu."

Githinji alikubali kwa kuchoka. Alisema, "Musyoka, andika hiyo adabu yako, lakini ikituaibisha utaenda mwenyewe kumweleza Sista." Sista Perpetua alikuwa mwenyekiti wa lile baraza, mtawa mwenye sauti laini na macho yasiyosahau.

Jambo moja lilitusumbua tangu mwanzo. Mahali palipogandishwa panakula nafasi katika mashine, kwa hiyo pana muda wake wa kuishi. Ukipita, panafutwa, na anayerudi anaambiwa aanze upya. Musyoka alikuwa ameweka muda mfupi. Mimi niliyeishi Kangemi nilimwambia kwamba kule stima inaweza kupotea asubuhi ikarudi jioni, na watu wengi hawana kompyuta, wanaomba wakiwa saiba, yale maduka ya kompyuta za kukodi kwa dakika. Aliwaza, akafuta miwani, akaongeza muda ukawa siku nzima. Nilifurahi. Niliona amewahurumia watu wangu, na kweli alikuwa amewahurumia.

Mtu wangu wa kwanza kati ya hao alikuwa Everlyne. Tulikaa chumba kimoja, kitanda chake ukutani huku, changu ukutani kule, pazia la maua katikati, jiko la mafuta ya taa karibu na mlango. Alifua nguo katika nyumba tatu za Loresho na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Alitaka uuguzi tangu alipomaliza shule. Alikuwa ameomba mara kadhaa kwa karatasi akakosa, na vyuo vile vilikuwa na kikomo cha umri ambacho angekivuka mwaka unaofuata. Ilikuwa hiyo au basi. Siku aliyotoka saiba na karatasi yake aliibandika ukutani juu ya kitanda kwa gundi ya ugali, akaimbia sufuria wimbo wa kwaya akiosha vyombo. "Rael, hiyo kompyuta yenu ina roho nzuri," alisema. "Imeniuliza vizuri, moja moja, kama mtu mzima." Nilimpelekea Musyoka maneno hayo. Alitabasamu siku mbili.

Wiki chache baadaye Everlyne alirudi kutoka ofisi ya baraza mjini, akavua viatu nje, akaketi kitandani akiwa bado na mkoba begani. Nilikuwa nikikaanga omena. Nikamuuliza kama ameona jina lake kati ya walioitwa kuhojiwa.

"Wamenifukuza."

"Wamekufukuza aje?"

"Wameangalia nambari. Yule mama wa dirishani akasema, hii nambari ni ya mtu mwingine. Akatoa karatasi zingine mezani, ile nambari yangu, majina mengine. Akasema sisi wa Kangemi tumetengenezewa karatasi bandia na jamaa mmoja huko. Mbele ya watu, Rael. Akaniuliza, si wewe unavaa msalaba?"

Nilizima jiko. Hatukula. Aliniambia pia kwamba baraza litakaa Jumatatu kufunga orodha, na kwamba wote wenye nambari ile wataandikwa kama wadanganyifu, wasiruhusiwe katika chuo chochote chao tena. Nilimwambia nitauliza kazini. "Uliza," alisema, "lakini usiwaombe wanihurumie. Mimi sijatengeneza karatasi." Baada ya muda mrefu akauliza kutoka upande wa pili wa pazia kama wachungaji wa kanisa wataambiwa.

Kesho yake Musyoka alifungua kumbukumbu za mashine, mistari midogo inayoonyesha nani aliomba ukurasa gani na lini. Tuliziangalia mpaka macho yakatuwasha. Mazungumzo fulani yalikuwa yamefika mwisho, kisha yakaruka yakarudi mwanzo, yakafika mwisho tena na jina jingine, yakarudi tena mwanzo. Kila mara nambari ileile. Katika hifadhi lilibaki jina la mwisho tu, la msichana mmoja, kana kwamba wengine wote hawakuwahi kufika. "Mtu ameiba alama ya ukurasa," Musyoka alisema. "Huyu ni mwizi anayejua kazi." Githinji aliposikia neno mwizi uso ulimtulia. Mwizi hakuwa kosa letu. Alisema tumwandikie Sista kwamba udanganyifu umethibitishwa. Musyoka akasema bado. Alijaribu siku nzima kutengeneza wizi ule mwenyewe, nami nikabonyeza kila alichoniambia, kila mmoja akianza kutoka ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta yake, na kila mara mashine ilitupa nambari tofauti, safi kabisa. Hakuna kinachochosha kama kitu kinachokataa kuvunjika ukiwa unakitazama. Adhuhuri hiyo hakufungua kibuyu chake. Alivua miwani kama kawaida, akainamisha kichwa, lakini sikusikia maneno.

Jumamosi nilimwomba Everlyne anipeleke pale alipojazia. Hakutaka. Alisema hataki kuonana na mtu wa karatasi bandia. Nikamwambia kama yuko, basi tumwone uso. Saiba ilikuwa karibu na soko la Kangemi, chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati, kompyuta chache zimepangwa kama madawati. Aliyekuwa hapo ni dada mmoja aliyeitwa Shiru, kitenge kiunoni, kalamu nyweleni, na benchi lilijaa watu wakingoja. Alimwona Everlyne akafurahi. "Wee! Daktari wetu! Umeitwa?" Everlyne akaangalia chini. Nikasema hajaitwa bado, tumekuja kuona vile maombi yanajazwa, kuna ndugu yangu anataka kuomba chuo kingine ambacho bado kinapokea.

"Keti hapa," Shiru aliniambia. "Huyu kijana akimaliza unaingia. Nimewashikia laini."

"Laini gani?"

"Si hii." Alielekeza kioo. Kijana alikuwa amemaliza, karatasi yake ikichapishwa kwa kelele. Shiru aliegemea mbele yake, akabonyeza mshale wa kurudi nyuma, tena, tena, haraka kama mtu anayechambua mchicha, kurasa zikikimbia nyuma mpaka ule wa kwanza, wenye picha kubwa za vyuo. "Hii page ya kwanza ni nzito, mazee. Saa hii ukiifungua mpya utakaa hapo mpaka jioni, na dakika ni zako. Mimi huifungua asubuhi neti ikiwa poa, naiweka. Mtu akimaliza, namrudisha mwanzo, mwingine anaingia. Hakuna mtu analipia kungoja. Haya, dadangu, jina?"

Niliangalia vidole vyake. Kule kwetu mfereji wa maji ulikuwa mmoja kwa ploti nzima, na ulipotoka maji asubuhi, jirani mmoja aliweka mtungi wake na wote wa ploti wakachota kwa nafasi ile. Hakuna aliyeona hiyo kuwa wizi. Ilikuwa ujirani. Shiru alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa ukurasa wa Musyoka, na kwa kuwa muda ulikuwa umeongezwa ukawa siku nzima, ukurasa haukufa. Nikamwambia Shiru angoje, nikatoka nje nikampigia Musyoka kwa simu ya dukani. Simu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu, na yangu haikuwa na salio. Nilimweleza.

"Wanarudi nyuma," alisema.

"Ndiyo."

"Rael, mimi nilidhani mtu akirudi nyuma anarudi kujirekebisha. Sikufikiria anarudi kumpisha mwenzake."

Alikuja Kangemi alasiri hiyohiyo, Everlyne akamkaribisha chumbani kwetu kwa chai ya rangi, akaketi kwenye kitanda changu na kompyuta yake ya mkononi magotini, magoti yakiwa karibu na kidevu. Sasa aliweza kuivunja kila mara, na aliivunja mbele yetu huku akieleza, labda kwa Everlyne zaidi kuliko kwangu. Mashine ilikuwa imegandisha mahali, lakini haikugandisha mzigo. Mwombaji alipofungua ukurasa wa kwanza, programu ilimtengenezea mfuko mmoja wa kuwekea majibu yake na kuupa nambari. Kila mahali palipogandishwa palielekeza kwenye mfuko uleule. Mwenye kurudi kurekebisha jina lake, hilo lilikuwa sawa, mfuko ni wake. Lakini aliyeketi baada yake alipoandika, aliandika katika mfuko wa aliyetangulia, juu ya majibu yake, na mashine ikamchapishia karatasi halali yenye nambari halali ya mtu mwingine.

Everlyne alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Kwa hiyo jina langu lilikuwa ndani," alisema.

"Lilikuwa ndani. Kisha aliyefuata akaandika juu yako."

"Na huyo hana kosa."

"Hana. Hata Shiru hana."

"Wewe je?"

Musyoka alifunga kompyuta. "Mimi ndiye nitakwenda kwa Sista."

Everlyne hakumshukuru. Alimwongezea chai, akamwuliza kama anakula omena, naye akala.

Jumatatu asubuhi Githinji alikuwa ameshajua, na ofisi ilikuwa na ubaridi. Hakumpigia Musyoka kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema Musyoka anaweza kurekebisha kosa kimya kimya, na karatasi za zamani ziachwe zilivyo, maana baraza lenyewe limeshaamini ni udanganyifu, na kazi ya mwaka unaofuata bado haijatiwa sahihi. Kisha akasema mwendelezo wote utupwe, turudi njia ya kawaida kama alivyotaka tangu mwanzo. Musyoka alimjibu akiwa amesimama, koti lake amelikunja mkononi. "Bosi, kutupa nitatupa ukitaka. Lakini njia ya kawaida pia ingetuumiza mahali pengine, kwa sababu mimi ningekuwa yuleyule, sijui watu wanakaaje kwenye hizo kompyuta. Acha kwanza niende. Baraza linakaa saa nne." Githinji akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Na wewe mchungaji, unaenda pia?" Nikasema naenda.

Tulitembea. Sista alitupokea katika chumba chenye meza ndefu na picha ya Mama Maria, karatasi za wasichana wa Kangemi zimefungwa kwa raba mbele yake. Musyoka hakutumia neno mwendelezo hata mara moja. Alisema, "Sista, watoto hawa hawakudanganya. Karatasi hizi zote ni za kweli. Mashine niliyoandika iliwachanganya." Sista akamwuliza kama anajua kwamba baada ya kusema hivyo baraza linaweza kutafuta ofisi nyingine. Alisema anajua. Akamwuliza inakuwaje nambari moja iwe ya watu wengi na wote wawe wakweli. Musyoka akaingia kwenye maneno ya kiufundi, nami nikamwomba Sista ruhusa niseme. Nikamweleza Sista kuhusu mfereji wa ploti yetu na mtungi mmoja unaowashikia nafasi majirani wote. Hakutabasamu. Alivuta zile karatasi, akatoa raba, akazitandaza moja moja. "Hatuna majibu yao tena," alisema. "Yamefutika." Musyoka akakubali yamefutika. "Basi kila mmoja aje mwenyewe na vyeti vyake, ahojiwe kama wengine. Wiki hii."

Jinsi Musyoka alivyolirekebisha kosa lile naweza kuieleza kwa ufupi, kwa sababu niliijaribu kwa siku nyingi mpaka nikaiota. Mfuko ulinakiliwa upya kila penye kungoja, ili anayerudi nyuma apate mfuko kama ulivyokuwa pale, usioguswa na yaliyokuja baadaye. Nambari ilitolewa mwishoni, si mwanzoni. Na mtu akishapokelewa, mahali pote pa nyuma palifungwa, na anayebonyeza mshale alikuta maneno yaliyopendekezwa na Everlyne mwenyewe: Huyu ameshapokelewa. Mwingine aanzie hapa. Chini yake palikuwa na ukurasa wa kwanza mwepesi, usio na picha, ili Shiru asihitaji kuushikilia. Githinji hakuutupa mwendelezo, lakini hakumpa Musyoka kazi nyingine kubwa. Mwisho wa mwaka Musyoka alihamia ofisi moja Kilimani, na hatukuonana tena mara kwa mara. Baraza nalo liliweka sahihi, baada ya kutuweka roho juu mpaka Krismasi. Sikuwahi kumsikia Musyoka akijutia ile Jumatatu, wala akiisifu. Nimefanya kazi na watu wengi hodari tangu wakati huo. Hodari ni wengi.

Everlyne alihojiwa Alhamisi. Aliazima blauzi yangu nyeupe, akatoka asubuhi bila kunywa chai. Nilifika nyumbani kabla yake, nikapika ugali na kunde, nikafunika, nikaketi na kitabu cha nyimbo bila kukisoma. Aliingia akiwa amebeba viatu mkononi, akavining'iniza mlangoni, akavua blauzi kwa uangalifu asiichafue.

"Hawajanichukua," alisema.

Nilisimama. "Ni ile mambo ya nambari tena?"

"Hapana. Hiyo hawakuitaja hata. Ni kemia. Wameniuliza kemia nikashindwa." Alinawa mikono kwenye karai, akaketi chini mkabala nami, akafunua sufuria. "Walikuwa watatu. Yule wa katikati alisoma jina langu lote, mpaka la baba, akasema, karibu uketi. Wakauliza nimefundisha watoto wapi. Wakanisikiliza, Rael. Halafu wakauliza kemia." Alimega ugali akaufinyanga muda mrefu bila kuutia mdomoni. "Wamenikataa mimi mwenyewe," alisema. Kisha akala, na alipomaliza akaomba tonge la upande wangu, nami nikampa.